Mota Iliyosukwa Upya Ikakataa Kazi

Wenyeji wa Ikwiriri hawana haja ya kuambiwa mota ya umeme ni kitu gani, kwani mashine za kukobolea mpunga wazijua. Lakini iko mota ya namna nyingine, ile ya kuchongea nakshi za milango, ambayo huzunguka mbio mno. Mota hiyo ikiisha kusukwa upya mara nyingi huonyesha maradhi mageni, na ikiungua mara ya pili fedha yote ya seremala imepotea. Kwa hiyo twaeleza habari zake.

Umeme wa nguzo, pamoja na ule wa bwawa la Julius Nyerere katika mto wetu wa Rufiji, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwezi wa Februari 2024, huenda na kurudi mara 50 katika sekunde moja. Hesabu hiyo huitwa hetsi 50. Kwa umeme huo mota yenye ncha mbili za sumaku haiwezi kupita mizunguko 3,000 kwa dakika. Mota ya nakshi yenye kutaka hetsi 400 hukaribia mizunguko 24,000, na hetsi hizo hutoka katika inveta.

Basi mota imerudi kutoka kwa msukaji. Yanguruma, yapata moto, wala haina nguvu. Wengi humlaumu msukaji papo hapo. Sisi twaona yafaa kwanza kusoma kibati. Kikisema volti 220 kwa hetsi 400, maana yake kwa hetsi 50 mota yapasa kupewa sehemu moja ya nane tu, yaani volti 27 na nusu. Inveta iliyopangwa kwa mota za kawaida hutoa volti zote 220 kwa hetsi 50. Hapo mota hupewa mara nane ya haki yake, na waya mpya huungua upesi. Kuiunga na umeme wa nguzo moja kwa moja ni kosa lile lile.

Mpango wa inveta ukiwa sawa, umeme na uzimwe. Inveta huweka umeme tumboni hata baada ya kuzimwa, nao huweza kuua. Ingojewe muda ulioandikwa juu yake. Kisha mota ifunguliwe nyaya, izungushwe kwa mkono. Ikikwaruza, tazameni beringi: za kawaida hazistahimili mbio hizo.

Koili tatu zipimwe, zilingane. Kipimo cha mega kati ya koili na bodi kikipungua megaomu 1, huenda ni unyevu wa masika au varnishi iliyochubuka. Mega isitumiwe mota ikiwa bado imeungwa na inveta, maana huiharibu.

Yote yakiwa sawa na ampea za nyaya tatu zingali zikitofautiana, hamisheni nyaya zote tatu nafasi moja kwenye inveta. Tofauti ikibaki katika mdomo ule ule wa inveta, inveta ndiyo mbovu. Ikiifuata koili, mota na irudi kwa msukaji, atazame kama koili moja imeungwa kinyume, kwani koili ya namna hiyo hupima sawasawa na wenzake.