Usingizi Baada ya Kuacha Lutuku: Linda Asubuhi, Usiku Utafuata

Mtu anaweza kuvumilia mchana mzima hapa Dilolo, Kongo, bila kugusa pombe. Atapita mbele ya nyumba zinazouza lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, atakataa bia ya Simba ya bure ya rafiki, atarudi nyumbani akiwa mzima. Halafu saa nane za usiku atashindwa. Hajalala usiku wa nne mfululizo, jasho linamtoka, moyo unadunda, na kichwa kinamwambia kuwa kikombe kimoja tu kitamlaza. Kikombe hicho ndicho kinachowarudisha wengi mwanzo. Anayeacha pombe lazima ajiandae kwa usiku kama anavyojiandaa kwa mchana, na watu wa nyumbani kwake wajiandae pamoja naye.

Kwanza, usalama

Aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka asiache ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka, kichefuchefu na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka: wanaona wadudu au watu wasiokuwepo, hawajui walipo, homa inapanda. Hali hiyo huua. Ni ugonjwa wa mwili, si uchawi. Maombi yafanyike, lakini mgonjwa awe ameshafikishwa hospitalini.

Anayeishi kijijini, mbali na mji, aende kituo cha afya kabla ya kuacha, apange siku na mtu wa kumsindikiza. Mwambie muuguzi ukweli wote: unakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama umewahi kupata degedege. Omba upimwe malaria pia, kwa sababu homa na jasho vya magonjwa haya mawili hufanana. Ukiwekewa seramu ya sukari, uliza kama umepewa vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu huishiwa vitamini hiyo, na sukari bila B1 inaweza kuumiza ubongo wake.

Hospitalini daktari anaweza kutoa vidonge vya diazepamu kwa siku chache huku akikuangalia. Usinunue vidonge hivyo sokoni ujitibu mwenyewe. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi, na ukivizoea vitakushika kama lutuku ilivyokushika.

Kwa nini usingizi hukimbia

Pombe hupoza ubongo, na ubongo unaopozwa kila siku hujifunza kujichochea ili ubaki macho. Ni kama kijana anayesukuma baiskeli iliyobeba makaa mlimani: mzigo ukidondoka ghafla, yeye na baiskeli wanarukia mbele. Ndivyo ubongo unavyoruka pombe inapoondoka. Unahitaji muda wa kutulia.

Kumbuka pia kwamba hata ulipokuwa unakunywa hukuwa unalala vizuri. Pombe hukuangusha mapema, kisha ikiisha mwilini hukuamsha katikati ya usiku. Vilevile hubana ule usingizi wa ndoto. Ukiacha, ndoto hurudi kwa nguvu, nyingine za kutisha, nyingine za kunywa. Kuota unakunywa si dalili kwamba umeshindwa. Ni usingizi unaorudi mahali pake.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Kwa wengi nafuu huonekana katika wiki chache zinazofuata, ingawa usingizi unaweza kukatika-katika kwa miezi kadhaa. Usiku mbaya wa mwezi wa pili haumaanishi kwamba mwili wako umeharibika.

Chagua saa moja ya kuamka

Huwezi kujilazimisha kulala, ila unaweza kujilazimisha kuamka. Chagua saa moja, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi jua linapochomoza, uishike kila siku, Jumapili pia, hata kama umelala kwa saa mbili tu. Toka nje mara moja. Mwanga wa asubuhi huuambia mwili siku imeanza lini, nao huhesabu wenyewe saa ya kusinzia. Tembea, teka maji, lima.

Mchana usilale. Ukizidiwa, pumzika nusu saa tu, kabla ya saa tisa alasiri. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku kwenye migodi ya Kolwezi atumie kanuni ileile: afunike dirisha kwa kitambaa kizito, alale na kuamka saa zilezile, na kama inawezekana aombe zamu ya mchana kwa miezi ya kwanza.

Kitanda kiwe cha kulala

Panda kitandani ukiwa unasinzia kweli. Ukikaa macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, usigaegae. Ondoka, keti kwenye kiti au mkeka, fanya jambo tulivu kwenye mwanga hafifu: sali, suka kikapu, chambua maharagwe ya kesho. Usingizi ukija, rudi. Rudia hata mara tano. Simu iwe mbali, na saa igeuzwe uso ukutani, kwa sababu kuhesabu saa zilizobaki huongeza hofu.

Chakula, vinywaji na baridi

Kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Sigara ya usiku nayo huamsha. Usilale na njaa: kula bukari (ugali) mapema jioni pamoja na sombe (majani ya muhogo), maharagwe au karanga. Unga mweupe na muhogo peke yake havina B1 ya kutosha, bali maharagwe na karanga vinayo. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nao uangaliwe, kwani ukikaa siku kadhaa huchacha na kuwa pombe. Kwa miezi ya kwanza, uache.

Mwezi wa Juni na Julai usiku wa huku una baridi kali, na wengi walizoea kusema lutuku inapasha mwili moto. Ukweli ni kwamba hupeleka damu kwenye ngozi na kuupotezea mwili joto lake. Oga maji ya moto, vaa soksi, ongeza blanketi, kunywa chai ya mchaichai. Usilale na mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Nyumba inayopika lutuku

Katika nyumba nyingi, mama hupika lutuku ili alipe ada ya shule. Hatuwezi kumwambia tu aache. Lakini pipa na madumu yasikae anapolala anayeacha, na asipewe kazi ya kuonja wala kuuza. Familia ikae pamoja itafute biashara nyingine polepole: mikate, karanga, unga.

Watu wa nyumbani wasimnuse kila anapotoka nje usiku. Wamchagulie mmoja anayekubali kuamshwa, awe kaka, mke au mzee wa kanisa. Hamu ya kunywa hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mtu wa kukaa naye katika kipindi hicho ana thamani kuliko dawa nyingi.

Usiku ukikushinda

Ukinywa, mwambie yule mtu wako siku hiyohiyo. Kesho amka saa ileile, utoke nje. Ila ukirudi kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, usiache tena peke yako; hatari ya degedege inaweza kuwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Rudi kituo cha afya.

Rudi pia ikiwa mwezi umepita bila nafuu yoyote, ikiwa wenzako wanasema unakoroma na pumzi inakatika, au ikiwa huzuni imekuzidi. Ukiwaza kujiua, usingoje kuche: mwamshe mtu sasa hivi, aondoke nawe kwenda hospitalini.