Samaki wa Kuchoma Huanzia Sokoni

Wenzangu wa pwani wakisikia kwamba natoka Kilwa huniuliza habari za magofu na msikiti wa kale. Kilwa kwetu siyo hiyo. Ni kisiwa katika Ziwa Mweru, karibu sana na ufuko wa Kongo, ingawa ni sehemu ya Zambia. Mapatano ya mwaka 1894 kati ya Waingereza na Mfalme Leopold yaliupinda mpaka ili kisiwa kiwe upande wa Waingereza. Ndiyo maana mji wa Kilwa ulio ng'ambo ya magharibi uko Kongo, na sisi wa kisiwani tu Wazambia. Mama yangu ni mtu wa Pweto, kwa hiyo nyumbani twasema Kiswahili.

Basi, mtu aliyezaliwa katikati ya maji angepaswa kujua kuchagua samaki. Mimi nilidhani najua. Nataka kueleza jinsi nilivyoaibika, kisha yale niliyofundishwa, ili yawafae wenzangu, hata na wale waliotutangulia shuleni ambao sasa wana nyumba zao.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilikuwa Nchelenge kwa bibi, mzaa mama. Kaka yangu alikuwa anakuja kutoka migodini na wageni wawili. Bibi akanipa fedha alizopata kwa kuuza mihogo yake, akaniambia niende soko la Kashikishi alfajiri nikanunue pale wanne. Pale ni samaki wa kwetu, jamaa ya perege na sato. Mimi nikalala, nikasoma kitabu, nikafika sokoni jua limekwisha kuwa kali. Nikaona samaki wakubwa wanang'aa kwa maji, na bei ni nafuu. Sikuuliza neno. Nikalipa, nikarudi nikijisifu.

Bibi alifunua shavu la samaki wa kwanza, akatazama, akafunua la pili. Kisha akaniita kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao: "Mume wangu, umeninunulia maji. Samaki hawa walikufa jana." Matamvua yalikuwa ya rangi ya udongo. Mng'ao niliouona ulikuwa wa maji waliyonyunyiziwa. Jioni ile wageni walikula sima kwa matembele, na bibi hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza, maana zile zilikuwa fedha za jembe lake.

Kesho yake aliniamsha gizani, tukaenda pamoja. Haya ndiyo aliyonifundisha.

KUNUNUA. Kwanza, tazama jicho. La samaki mpya ni angavu na limetuna. La samaki mzee limeingia ndani na lina ukungu. Pili, funua shavu mwenyewe. Matamvua mazuri ni mekundu. Muuzaji akikataa usifunue, mshukuru, uende zako. Tatu, bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama nzuri hurudi mahali pake; nyama mbovu hubaki na shimo. Nne, tazama tumbo. Hili ndilo huoza mapema, kwa kuwa maji ya matumbo yanayosaga chakula huendelea kufanya kazi hata samaki akiwa amekufa, tena hapo wamo vijidudu wengi. Tumbo likiwa laini au limepasuka, mwache. Tano, nusa. Samaki mpya hunuka ziwa, hanuki uvundo.

Sababu ya kwenda alfajiri ni joto. Vijidudu waharibuo nyama huzaana upesi juani, na polepole mahali pa baridi. Ukisha nunua, funika samaki wako kwa majani au kitambaa kibichi, uwapeleke nyumbani moja kwa moja. Usipite kuzungumza na marafiki njiani.

Mboga nazo zina dalili zake. Bilinganya iwe nzito mkononi na ngozi yake ing'ae. Kitunguu kisibonyee shingoni. Nyanya za kuchoma ziwe ngumu kidogo, maana zilizoiva mno humwagika motoni. Matembele na majani ya maboga yavunjike kwa sauti ukiyakunja.

KUTAYARISHA. Para magamba kutoka mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo, toa matumbo yote na matamvua, osha kwa maji safi. Mchanje mara tatu kila ubavu, mpaka karibu na mfupa, ili moto na chumvi viingie. Mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa, umwache robo saa. Halafu mpanguse akauke. Neno hili wengi hulidharau, lakini samaki mwenye maji hushikamana na chuma, ngozi ikabaki juu ya jiko.

KUCHOMA. Jiko la mkaa kwetu huitwa mbaula. Liweke nje. Usichome kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Ngoja ndimi za moto ziishe na makaa yavikwe majivu meupe. Weka kiganja juu ya makaa, mahali samaki atakapokaa. Ukiweza kuhesabu pole pole mpaka nne au tano kabla ya kuondoa mkono, moto unafaa.

Weka wavu wa chuma upate moto kwanza, uupake mafuta, ndipo umlaze samaki. Sasa mwache. Samaki wa nusu kilo huhitaji dakika nane hivi kila upande. Akiwa tayari kugeuzwa, ngozi huachana na chuma yenyewe. Mgeuze mara moja tu. Ameiva ikiwa nyama iliyo karibu na uti wa mgongo ni nyeupe na inaachana na mfupa bila kuvutwa. Mtoe katika sahani safi, siyo ile aliyokaa akiwa mbichi.

Bilinganya, vitunguu na nyanya huwekwa pembeni, penye moto mdogo. Bilinganya ikatwe vipande vinene kama kidole gumba, ipakwe mafuta na chumvi. Majani ya maboga hayachomwi. Yapike katika sufuria na karanga zilizotwangwa.

Siku ile tulikula vizuri, na wageni wakasahau matembele ya jana. Lakini somo la mwisho lilikuja baada ya kula. Nilikuwa nimeona sokoni fungu la samaki wadogo kama kidole, watoto wa pale, kwa bei ya chini sana, nikamwuliza bibi kwa nini hakununua. Akanihadithia habari za mpumbu.

Mpumbu alikuwa samaki mkubwa aliyepanda mto Luapula kwa makundi mvua zilipoanza, ili atage. Katika miaka ya 1940 samaki wa Mweru na Luapula walitakiwa sana kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga. Watu wakamtegea mpumbu nyavu mtoni wakati ule ule wa kupanda, akiwa na mayai tumboni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha, na hayakurudi kama zamani. Leo uvuvi wa kwetu hufungwa kila mwaka kutoka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae.

"Wavuvi walilaumiwa," bibi alisema, "lakini kila mpumbu alikuwa na mtu aliyemlipia."

Maneno hayo yalinipata. Mimi nilikuwa nimejifunza kufunua shavu ili nisidanganywe, na hilo ni jema. Lakini mnunuzi ana kazi nyingine. Asiponunua samaki mdogo, wala samaki wa miezi iliyofungwa, mvuvi hatakuwa na sababu ya kumleta. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda sokoni alfajiri na kikapu chako, tazama jicho, tazama tamvua, kisha tazama ukubwa wake. Moto wa mbaula hauwezi kurekebisha kosa lililofanywa hapo.