Somo letu: Panya wanaonusa kifua kikuu

Sisi wakulima na panya hatupatani. Anakula mahindi shambani, anatufuata mpaka ghalani. Basi tuliposikia kwamba Morogoro wako wataalamu wanaowalisha panya ndizi na karanga, tulicheka. Kumbe si mzaha.

Pale Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa miaka mingi chuo hiki kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha nchi ya Ubelgiji, kuchunguza panya waharibifu wa mazao. Mwaka 1997 lilianzishwa huko Ubelgiji shirika la kufundisha panya, jina lake APOPO. Mwaka 2000 likahamia Sokoine. Kwa nini huku? Panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, ni mzaliwa wa Afrika. Macho yake hafifu, lakini pua yake kali ajabu. Na wengi wa walimu wake ni Watanzania.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Panya ni mwepesi, akipita juu bomu halilipuki. Akinusa baruti anakwaruza udongo. Panya wa Morogoro walifanya kazi hiyo Msumbiji, mpaka nchi ile ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa. Kazi hiyo ikiwa bado inaendelea, wataalamu walijiuliza: anayenusa baruti, atashindwa kunusa ugonjwa?

Hapa tusome polepole. Mtu anakohoa, anakwenda kupima. Makohozi yake yanatazamwa kwa darubini. Vijidudu vikiwa vichache, darubini huweza kuvikosa. Mtu anaambiwa hana kifua kikuu. Anarudi nyumbani, analala chumba kimoja na watoto, na anaendelea kukohoa.

Makohozi kama hayo hupelekwa kwa panya. Kwanza hupashwa moto ili vijidudu vife. Kisha huwekwa chini ya vitundu vilivyopangwa mstari. Panya anapita ananusa kimoja kimoja. Akikuta harufu ya ugonjwa, anatuliza pua hapo sekunde chache. Akipatia, anapewa chakula chake. Panya mmoja humaliza vikopo 100 kwa dakika 20 hivi. Mtu na darubini yake angetumia siku kadhaa. Lakini panya si daktari. Makohozi aliyoyaonyesha hupimwa tena maabara, ndipo mgonjwa atafutwe.

Atatafutwa wapi? Hapo ndipo penye shida. Wengine wakienda kupima hutaja jina la uongo, au kijiji cha jirani, kwa aibu. Majibu yanakuja, mwenyewe haonekani! Tukisikia vyuo vikuu vimetia saini ushirikiano, tunafikiria wakubwa wanapeana mikono. Huu umefika mpaka kwenye makohozi ya mkulima, halafu unakwama kwa sababu ya jina. Taja jina lako kamili, kijiji na kitongoji. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Humezwa miezi 6 kwa kawaida, bila kukatisha, hata ukijiona umepona.

Zungumzeni kikundini: Dalili ni kukohoa wiki 2 au zaidi, kukonda, homa za jioni na kutoka jasho usiku. Je, kituo chetu cha afya hupokea makohozi siku gani? Na nani atamsindikiza yule anayeogopa kwenda peke yake?