Mkono, Mpira na Mchezo: Istilahi za Usukani wa Pikapu Kuukuu

Neno usukani liliingia katika gari likitoka baharini. Kabla ya injini kufika pwani, usukani ulikuwa kile kifaa cha nyuma ya chombo kilichoamua jahazi lielekee wapi. Upanuzi wa maana ukauhamishia mbele ya dereva. Hata hivyo, kutoka hapo kwenda chini hadi kwenye magurudumu, kamusi hunyamaza na fundi wa jua kali hushika usemi. Makala haya yanachunguza usemi huo kwa kuifuata kazi yenyewe, yaani kuunda upya usukani wa pikapu kuukuu, mathalani Toyota Hilux ya miaka ya 1980 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Usukani wa gari hilo huzungusha fito inayoingia katika stelingi boksi. Boksi hugeuza mkono unaoning'inia. Upande wa pili wa fremu upo mkono msaidizi. Mikono hiyo miwili huunganishwa na fito ya katikati, na kutoka hapo tairodi mbili huyafikia magurudumu. Kila gurudumu nalo lina mkono wa juu, mkono wa chini, na mkono mfupi unaovutwa na tairodi. Jumla ni mikono minane katika gari moja. Mwanagenzi anayeambiwa tu "fungua mkono" hajaambiwa neno.

Istilahi ya pili ni mchezo. Fundi husema usukani "unacheza" pale dereva anapouzungusha kidogo na magurudumu yasijibu. Sitiari hii ni hai na sahihi, ila haionyeshi mchezo uko wapi. Kwa sababu hiyo, kazi huanza kwa uchunguzi kabla ya spana yoyote kushikwa. Mmoja huusukasuka usukani huku na huku, magurudumu yakiwa chini, na mwenzake hutazama kiungo kimoja kimoja. Kisha gurudumu huinuliwa na kutikiswa likishikwa juu na chini. Likicheza, breki hukanyagwa: mchezo ukitoweka, aghalabu kosa ni la beringi, ukibaki, lawama ni ya boli-jointi. Wapo wanaoiruka hatua hii na kukimbilia kukaza skrubu iliyo juu ya boksi. Meno ya boksi huchakaa zaidi katikati, mahali yanapofanyia kazi wakati gari linakwenda moja kwa moja. Akiikaza skrubu hadi mchezo wa katikati uishe, fundi huufanya usukani ukwame kwenye kona, na viungo vilivyochakaa hubaki vilevile.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari. Mwanafunzi wa tafsiri akipewa boli-jointi, huenda akaiita "kiungo cha mpira". Tafsiri hiyo inapendeza darasani, lakini mpira katika Kiswahili ni tufe la kuchezea na vilevile ni ile mali ghafi ya kutengenezea tairi. Chini ya pikapu vyote viwili vipo. Boli-jointi ni tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma. Bushi ni mpira hasa, uliobanwa kwenye shina la mkono. Mwanagenzi anayeagizwa kubadilisha "kiungo cha mpira" ana kila haki ya kubadilisha bushi na kuiacha boli-jointi iliyokwisha. Boli-jointi ya chini ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na dereva hana tena la kuushikia usukani. "Kiungo cha tufe" kingeiondoa tata hii. Hadi kikubalike, utohozi wa fundi ni salama kuliko tafsiri ya msomi.

Kufungua tairodi nako kuna nidhamu yake. Ncha yake ni pini iliyochongoka, nayo hung'ang'ania tundu lake. Fundi mzoefu hupiga ubavu wa tundu kwa nyundo, hapigi kichwa cha pini, kwani akikiponda nati haitaingia tena. Kabla ya kuizungusha ncha itoke, huhesabu mizunguko ili mpya iingie kwa idadi ileile. Ncha moja hukaziwa kulia na nyingine kushoto, ndiyo maana bomba la kati likizungushwa urefu wote hubadilika. Mkono unaoning'inia hutiwa alama pamoja na mhimili wake kabla ya kuchomolewa. La sivyo usukani utarudi ukiwa upande. Nati yenye meno kama ya taji ikikazwa na tundu la pini lisilingane, husogezwa mbele kidogo, kamwe hairudishwi nyuma. Pini ya zamani hutupwa.

Nati za bushi zina utaratibu wa kinyume na matarajio. Hukazwa mwisho, baada ya gari kushushwa na kusimama kwa uzito wake. Zikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, mpira hubaki umesokoteka kila gari litembeapo, ukachanika mapema. Hatimaye hupimwa umbali kati ya magurudumu, mbele na nyuma, katika kimo cha ekseli, na tairodi hurekebishwa hadi tofauti ilingane na kitabu cha gari. Mafundi huiita kazi hii alaimenti.