Kutazama Si Kuona



Wapendwa vijana, somo letu la umakini katika sala linaanzia kwenye gari lisilotembea.

Watafiti wa usalama barabarani hutumia kifaa kiitwacho simuleta. Dereva anakaa, anashika usukani, anakanyaga breki, na mbele yake skrini zinaonyesha barabara ya kuigiza. Siku hizi wengine huvaa miwani ya uhalisia pepe. Dereva akikosea hakuna anayekufa, na kila kitu kinaweza kupimwa, hata mahali macho yake yalipotua.

Mwaka 2003, mwanasaikolojia David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha majaribio ya aina hiyo. Madereva waliongea kwa simu bila kuishika. Mikono iko huru, macho yako barabarani. Sasa shida iko wapi? Baadaye wakaulizwa kuhusu mabango waliyoyapita. Hata yale ambayo vifaa vilionyesha kuwa waliyatazama, waliyakumbuka kidogo kuliko walipoendesha bila simu. Kumbe walitazama, hawakuona.

Mtakatifu Augustino aliligusa jambo hili zamani. Katika kitabu cha 11 cha Juu ya Utatu anatofautisha kitu kinachoonekana, tendo la kuona, na nia ya roho inayoyashikilia macho pale kwenye kitu. Nia ikiondoka, macho yanabaki kama taa ya nyumba isiyo na mtu.

Mimi mwenyewe nimeanguka hapo. Rafiki yangu alinieleza kwamba amechoka, anafikiria kuacha masomo. Nilikuwa namtazama usoni, naitikia "ndiyo, ndiyo", kumbe kichwa kiko kwenye ujumbe niliokuwa nausubiri. Juma lililofuata hakuwepo. Nilipompigia kumuuliza mbona ameondoka kimya kimya, akasema, "Lakini si nilikuambia?" Sikuwa na jibu.

Je, basi kila maongezi ni hatari kwa dereva? Hapana. Mwaka 2008, Frank Drews, Monisha Pasupathi na Strayer walilinganisha maongezi ya simu na maongezi na abiria, kwenye simuleta vilevile. Waliokuwa na abiria waliendesha vizuri zaidi. Sababu ni kwamba abiria anaiona barabara ileile: hali ikibadilika, naye anaizungumzia, anasaidia. Wa kwenye simu yuko kwingine kabisa.

Hebu sasa soma Luka 24:13-35. Wanafunzi wawili wa Emau wanamtazama Yesu wasimtambue. Naye hawapigii kelele kutoka mbali. Anatembea nao njia ileile, anawauliza wanazungumza nini, na katika kuumega mkate macho yao yanafumbuliwa. Yesu ni msafiri mwenzetu. Sala haituondoi barabarani, inatufundisha kuiona.

Zoezi la juma hili:

1. Ukiendesha gari au pikipiki, zima simu. Huo nao ni upendo kwa jirani.
2. Mtu akija kukueleza jambo, weka simu mbali, kisha mrudishie kwa maneno yako ulichosikia.
3. Kaa dakika kumi mbele ya Ekaristi Takatifu. Mawazo yakikimbia, usijilaumu. Mwambie Yesu yalikokwenda. Hayo ndiyo maongezi yenu ya njiani.

Tusali: Bwana, kaa nasi safarini, tuwaone uliotupa. Amina.