Mganga Akiishiwa

Mchezo wa kuigiza wahusika mezani hauhitaji umeme wala bando. Mtu mmoja, mchezeshaji, anasimulia. Wengine wanne au watano wanasema wahusika wao wanafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Katika meza ninayoichezesha hapa Bariadi ugomvi haujawahi kutokea juu ya joka wala hazina. Hutokea juu ya mganga: ana nguvu kiasi gani, na zinamwishia lini. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mezani, pamoja na upendeleo wangu wote.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini mganga apewe kikomo, wakati mwenye upanga anapiga mpaka achoke mwenyewe?

Marahaba. Upanga una kazi moja, kukata. Uganga hufungua mlango uliofungwa, huponya kidonda, humpaisha mtu juu ya ukuta na kumlaza mlinzi usingizi. Mwache mganga afanye hayo bila hesabu na wenzake watakuwa watazamaji, na mtazamaji harudi Jumamosi ijayo. Kwa hiyo kila mchezo humpa mganga akiba fulani ambayo akiitumia inapungua.

Ila mimi hutazama zaidi ni kitu gani kimechaguliwa kipungue. Mchezo unaopunguza kumbukumbu unakwambia kwamba uganga ni elimu. Unaopunguza nguvu za mwili unaufanya uwe kazi, kama kulima. Akiba ikiwa almasi, basi hiyo ni biashara ya wenye fedha. Hujasoma ukurasa wa hadithi na tayari umeshaujua ulimwengu wake.

Nimesoma kwamba katika Dungeons & Dragons mganga "husahau" alichokifanya. Mtu anasahauje kitu alichojifunza miaka?

Lawama hiyo mpelekee mwandishi wa riwaya. Mwaka 1950 Mmarekani Jack Vance alitoa kitabu kiitwacho *The Dying Earth*. Waganga wake hushindilia maneno kichwani kwa shida kubwa, na neno likishatamkwa linafutika mpaka walisome tena. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wao mwaka 1974, Gygax aliupenda mtindo huo akauingiza. Kichwa cha mganga kikawa kama bunduki: kila risasi hujazwa asubuhi, na ikitoka imetoka.

Toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, limelegeza kamba. Mganga huandaa orodha asubuhi, kisha hutumia kinachoitwa nafasi. Nafasi zina madaraja, kutoka la kwanza hadi la tisa. Anayeanza, yaani ngazi ya 1, ana nafasi 2 tu za daraja la kwanza. Akifika ngazi ya 5 anakuwa na 4 za daraja la kwanza, 3 za la pili na 2 za la tatu. Akifika kileleni, ngazi ya 20, anazo 22 kwa jumla. Akilala usingizi mzuri zote hurudi. Yapo pia mambo madogo madogo, kama kuwasha taa au kurusha cheche, ambayo hayali nafasi yoyote. Hayo alishayazoea, kama wewe ulivyozoea kuendesha baiskeli.

Uzuri wa nafasi ni kwamba zinamlazimisha mtu kuchagua. Tufe la Moto ni la daraja la tatu: dadu 8 za pande 6, wastani wa madhara 28 kwa kila aliye ndani ya duara. Mwenye nafasi mbili za daraja hilo atafikiri mara tatu kabla ya kuwachoma fisi wanne njiani.

Kwenye magemu ya simu tunayo mana, ule mstari wa bluu. Si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na hata vitabu vya toleo la tano vina kanuni ya hiari ya kutumia nukta badala ya nafasi. Nafasi ya daraja la kwanza ni sawa na nukta 2, ya pili 3, ya tatu 5. Mganga wa ngazi ya 5 anapewa nukta 27. Zidisha zile 4, 3 na 2 nilizotaja juu, ujumlishe, utaona ni hesabu ileile imevaa kanzu nyingine.

Tatizo linaanza mezani. Ukimpa kijana nukta 27 atanunua Matufe ya Moto matano asubuhi na mapema, na yale madogo yanayohitaji akili kuyatumia atayasahau. Nafasi zinamzuia, nukta zinamwachia.

Neno mana lenyewe limesafiri kuliko sisi sote. Ni la watu wa visiwa vya Pasifiki, na wasomi wa Ulaya walilifahamu zaidi kupitia kitabu cha mmisionari Robert Codrington cha mwaka 1891. Kwa watu wa visiwa hivyo mana ni nguvu na heshima inayokaa kwa mtu au kitu, si petroli. Mwaka 1969 mwandishi Larry Niven aliandika hadithi fupi ambamo mana ni mali ya ardhi inayoweza kuchimbwa ikaisha, na magemu yakaendelea kutoka hapo. Kwetu sisi wa kanda hii, tuliozungukwa na machimbo, wazo la nguvu inayochimbwa mpaka shimo libaki tupu halihitaji kutafsiriwa.

Mchezo mwingine wa zamani, Tunnels & Trolls wa Ken St. Andre (1975), ulimtoza mganga nguvu za mwili wake mwenyewe. Akifanya makubwa, anabaki hawezi kubeba hata ngao. Huo naupenda kuliko nukta, kwa sababu umchoshapo mganga, mezani kila mtu anamwona amechoka.

Na vile viungo? Mchezeshaji wetu anatudai mavi ya popo.

Ana haki. Tendo la uganga katika Dungeons & Dragons laweza kudai maneno, ishara za mikono na viungo. Tufe la Moto linataka kijidonge cha mavi ya popo na salfa. Hapo Gygax alikuwa akitania: kwenye mavi ya popo ndiko watu walikopata shura ya baruti, na salfa ni sehemu ya baruti hiyohiyo. Radi nayo inataka manyoya na fimbo ya kioo, vitu ambavyo ukivisugua pamoja vinazaa umeme kidogo. Viungo vya aina hii havina bei. Mganga akiwa na mfuko wake hatuulizani.

Vyenye bei ndivyo vinavyouma. Kutambua kifaa cha ajabu kunataka lulu ya thamani ya vipande 100 vya dhahabu, na hiyo unabaki nayo. Kumrudisha aliyekufa dakika hii kunataka almasi za vipande 300, aliyekufa siku chache zilizopita almasi ya 500, na safari hii zinateketea. Ukiwaeleza hayo wachezaji wa Bariadi mtu lazima acheke, kwani mgodi wa almasi wa Mwadui uko jirani tu, Shinyanga, mkoa tuliokuwa ndani yake mpaka mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012. Mgodi ule aliuanzisha John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Mchezaji wangu mmoja alipiga hesabu akasema ile moja ingefufua ukoo mzima.

Baada ya kicheko hicho tulitunga kisa kizima: nani anamiliki shimo, nani anachekecha mchanga usiku, na kwa nini maskini wa ulimwengu ule hafufuki. Almasi ya vipande 500 ilikuwa mstari mmoja tu kitabuni, nasi tulicheza wiki sita juu yake.

Wachezaji wangu wakipiga pambano moja wanatumia kila kitu, kisha wanasema "tunalala". Nifanyeje?

Hilo linaumiza meza dunia nzima. Kitabu cha mchezeshaji cha 2014 kilikusudia mapambano 6 hadi 8 kwa siku moja, na hesabu ya nafasi imesimama juu ya matarajio hayo. Wanaolala baada ya pambano moja wana mganga mwenye nguvu mara sita ya alivyokusudiwa. Usiwakataze kulala. Fanya wakati usonge bila wao: mateka anahamishwa, mto Simiyu unajaa, mnada unavunjika jioni. Mtu aliyewahi kufika mnadani saa kumi na moja akitafuta ng'ombe mzuri hahitaji maelezo zaidi.

Mwangaluka, mwalimu. Tunataka kisa cha Usukumani, si cha makasri ya Ulaya. Akiba yetu iwe nini?

Mwangaluka. Swali hili nimelisubiri sana, nami nitalijibu kwa urefu.

Wasukuma wanao mchezo wa uganga wenye sheria, timu mbili na mshindi, na ulikuwepo kabla ya Gygax kuzaliwa: mbina, mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Chimbuko lake ni wapinzani wawili, Ngika na Gumha, na wafuasi wao wamegawana Usukuma mpaka leo. Mavuno yakishaingia, kati ya Juni na Agosti, pande mbili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Bujora, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement karibu na Kisesa, mashindano hayo hufanyika kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, inayoandamana na Ekaristi Takatifu. Huku kwetu Ntuzu hakuna mtu mzima asiyejua upande wa baba yake.

Ustadi hautoshi. Manju, kiongozi wa ngoma, hujiandaa kwa mfumu, yaani mganga, akapewa samba, dawa ya mvuto, pamoja na kinga ya kuzuia dawa za wenzake. Mwanaanthropolojia Koen Stroeken, aliyeandika kitabu juu ya uganga wa Wasukuma mwaka 2010, anaeleza jambo ambalo kila mbunifu wa michezo angelipia. Dawa, *bugota*, ina mizizi na majani yake, lakini haijajua iende wapi mpaka itiwe *shingila*, kiungo kinachoipa mlango wa kuingilia. Kiungo hicho hakichaguliwi kwa uzito wala kwa bei. Huchaguliwa kwa maana yake: kinaiambia dawa kazi yake.

Sasa linganisha. Mavi ya popo ya Gygax ni utani wa mkemia, almasi ni risiti, lakini shingila ni sentensi. Kwa hiyo mezani kwangu mchezaji hanunui kiungo. Anakitaja na kukitetea. "Natia vumbi la mnadani, kwa sababu watu hulifuata wenyewe bila kuitwa." Wenzake wakikubali kwamba maneno yameshika, dawa inafanya kazi. Yasiposhika, ametia vumbi tu.

Akiba yenyewe ni umati. Weka choroko 30 katikati ya meza. Kila choroko ni kundi la watazamaji. Wagika huku, Wagalu kule. Kila zamu manju huchagua: kucheza kwa ustadi, kuleta kioja kama nyoka au kinyago cha mbao, au kutumia dawa. Ustadi huvuta choroko 1, kioja 2 lakini mara moja tu, kwa kuwa kioja cha pili hakimshangazi mtu. Dawa hutupiwa dadu ya pande 6 na kuvuta idadi itakayotoka, hata kutoka upande wa mwenzako. Bei yake ni mwiko anaoutaja mfumu, mathalani kutopeana mikono mpaka jua lizame. Ukiuvunja, choroko zote ulizozipata kwa dawa zinahama.

Ona kilichotokea: hakuna mganga anayeishiwa peke yake chumbani. Nguvu yangu ni watu walioondoka kwako. Na hailali usiku ikarudi asubuhi. Umati uliokwenda nyumbani umekwenda. Wachezaji waliozoea nafasi huchanganyikiwa kwa saa moja hivi, kisha wanaanza kutazamana mikono.

Mwanangu anacheza kwako. Nasikia kuna uchawi. Ni kweli?

Kuna karatasi, dadu na kelele, mama yangu. Lakini hofu yako siidharau, maana tunaishi mahali ambapo maneno ya mpiga ramli yameua. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli kwa sababu ya damu hiyo, na Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya tangu 1928, bado ipo vitabuni.

Kwa hiyo nina amri mbili zisizojadiliwa. Hakuna kiungo cha binadamu katika dawa yoyote mezani, hata kwa adui, hata kwa mzaha. Na mhusika hatajwi kuwa mchawi kwa ramli. Anayetuhumu alete ushahidi kama mahakamani. Hata neno *mchawi* silitumii kwa shujaa. Kisukuma kinatofautisha mfumu, anayeponya, na mlogi, anayedhuru, na tofauti hiyo inafaa kulindwa hata penye utani. Karibu Jumamosi ukae, chai ipo.

Hatuna vitabu wala dadu ya pande 20. Tuanzeje?

Kanuni za msingi za toleo la tano ni za bure, na Januari 2023 ziliwekwa chini ya leseni huria; mwenye simu azipakue mara moja, awasomee wengine. Kiingereza chake si kigumu. Dadu ya pande 20 ni vikaratasi 20 vilivyoandikwa namba ndani ya kopo la maziwa: tikisa, chomoa, rudisha. Nafasi zihesabuni kwa mbegu. Nilianza na mbegu za pamba kwa kuwa ndizo zinazojaa mkoa huu, lakini zina manyoya na hunata vidoleni. Choroko ni bora. Ila msiziache mezani usiku. Panya wa kwangu aliwahi kula nafasi mbili za daraja la tatu, na mwenye mganga bado anazidai.