Fahamu Mahakama Inayofaa Kusikiza Kesi Yako

Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha amefutwa kazi bila notisi. Mkulima wa viazi Molo hajalipwa na dalali aliyebeba magunia yake. Ndugu wawili Njoro wanazozania mpaka wa mashamba yao. Wote wanatafuta haki, lakini mlango wa kubisha si mmoja. Anayekosea mlango huenda akaona kesi yake ikitupwa kabla ya ushahidi kusikizwa, huku muda uliowekwa na sheria ukizidi kuyoyoma.

Kaunti haina mahakama yake

Katiba ya 2010 iliipa kaunti majukumu kama afya, kilimo, masoko na leseni za biashara. Mahakama hazikugatuliwa. Katika nchi za shirikisho kama Marekani, kila jimbo lina mahakama zake, kando na zile za serikali ya shirikisho. Kenya ina mfumo mmoja wa kitaifa, ulio huru, usioelekezwa na Rais wala gavana. Hata anayeshtakiwa kwa kuvunja sheria za kaunti, kwa mfano kufanya biashara bila leseni, huamuliwa na hakimu wa Idara ya Mahakama, si afisa wa kaunti.

Ngazi za mahakama

Kileleni kuna Mahakama ya Juu yenye majaji 7, wakiongozwa na Jaji Mkuu. Ndiyo pekee inayosikiza kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais, na huiamua kwa siku 14. Inafuatwa na Mahakama ya Rufaa, ambayo huketi pia mjini Nakuru.

Chini yake kuna mahakama tatu zenye hadhi sawa: Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Zote zinapatikana Nakuru. Kesi ya mauaji, kwa mfano, husikizwa na Mahakama Kuu pekee.

Ngazi ya chini ina mahakama za mahakimu, za kadhi, za kijeshi na za madai madogo. Kadhi huamua masuala ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kesi iende kwake.

Hadhi sawa haimaanishi kazi sawa. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hana mamlaka ya kusikiza rufaa za jinai. Uamuzi huo ulitokana na rufaa za wafungwa watatu huko Malindi, ambazo zilisikizwa na majaji wawili, mmoja wao akiwa wa mahakama hiyo ya ardhi. Rufaa hizo zililazimika kuanza upya.

Aende wapi?

*Mkulima wa viazi.* Deni lisilozidi Sh1 milioni hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo Nakuru. Sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60, na mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili. Deni likizidi hapo, huenda kwa hakimu. Hakimu Mkazi husikiza madai yasiyozidi Sh5 milioni na Hakimu Mkuu yasiyozidi Sh20 milioni. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

*Mfanyakazi wa maua.* Hapa ndipo wengi hukosea. Hata kama anadai Sh50,000 tu, Mahakama ya Madai Madogo haiwezi kumsikiza, kwa kuwa sheria imeizuia kushughulikia migogoro ya kazi, umiliki wa ardhi na kuchafuliwa jina. Ikiwa mshahara wake wa mwezi kabla ya makato hauzidi Sh80,000, kesi yake inaweza kusikizwa na hakimu wa daraja la Hakimu Mkazi Mwandamizi au zaidi. Ukizidi, ni Mahakama ya Ajira. Kwa kawaida kesi hiyo sharti iwasilishwe ndani ya miaka 3.

*Ndugu wa Njoro.* Kwa shamba lililosajiliwa, mzozo wa mpaka hauanzii mahakamani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka Msajili wa Ardhi aubainishe mpaka kwanza. Lakini wakibishania ni nani mwenye shamba, thamani yake ndiyo itakayoonyesha kama ni kesi ya hakimu aliyepewa mamlaka ya ardhi au ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kabla ya kulipa ada

Kila mwenye kesi ajiulize mambo matatu: Mgogoro huu unahusu nini? Thamani yake ni kiasi gani? Ulianza lini? Akiwa na majibu hayo, pamoja na barua, risiti au hati alizo nazo, aulize kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu ni wapi pa kuwasilisha kesi. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada kutoka kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kuanza kesi upya, hasa pale ambapo muda wa kuanza upya umekwisha.